Boti Mbili Ndani ya Diski Moja

Jumamosi, Kasenga. Asubuhi jua la kuchoma utosi, mchana mawingu yakashuka kutoka milimani, na sasa hivi mvua inapiga mabati mpaka sisikii hata ninachokifikiria. Inyeshe tu. Leo sijali.

Nimekata diski vipande vipande na haikufa!

Shajara, wewe umezoea manung'uniko yangu. Wiki nzima nimekuandikia milio ya risasi upande wa bonde la Ruzizi, na watu wanaoingia mjini na magodoro kichwani, na mtandao unaokuja na kuondoka unavyotaka. Leo nipe ruhusa nifurahi. 

Ngoja nianze mwanzo, maana huenda anapita hapa mtu asiyenijua. Mimi nina kibanda kidogo cha kuchapa barua, karibu na fundi viatu. Nachapa, naprinti, natia nyimbo kwenye kadi memori za watu. Mashine yangu ni laptop nene ya mtumba, nzito kama jiwe la kusagia. Tena mimi ni mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia yetu. Au niseme nilikuwa, kwa sababu vita imeitawanya kwaya yenyewe. Wengine wako kambini Burundi, wengine walishuka na boti mpaka Kalemie, na wengine tunao hapa hapa lakini hawana tena hamu ya kufungua mdomo.

Maestro wetu, Papa Dieudonné, amefariki. Si kwa risasi. Aliugua huko ukimbizini, na sisi habari ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Kabla vita haijarudi, alikuwa ametulazimisha kurekodi nyimbo zake zote. Tulijifungia kwenye kikanisa, madirisha yamefungwa ili pikipiki zisisikike, jasho linatutiririka hadi kwenye viatu. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine. Kila wimbo unaanza na sauti yake anahesabu, na karibu kila wimbo unaishia na yeye akiwagombeza wanaume wa sauti ya tatu. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku moja nitayakata hayo magomvi, nyimbo zibaki safi. Sikuyakata. Uvivu tu. Mungu aubariki uvivu wangu.

Sasa sikia balaa lenyewe. Nyimbo hizo zilikuwa mahali pamoja tu hapa duniani, napo ni ndani ya laptop yangu. Nilikuwa na diski ya nje, lakini wale waliovunja mlango wa kibanda tulipokimbia waliibeba pamoja na printa na hata kiti. Laptop iliponea kwa sababu nilikimbia nayo mgongoni, nimeifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Wakati huo bibi mmoja njiani alinipongeza kwa mtoto asiyelia.

Halafu majuzi Windows ikafa. Virusi vya kadi za wateja, umeme wa kukatika-katika, sijui kipi kilimaliza kipi. Ukiwasha, inakuonyesha skrini ya bluu, inajizima. Ukiwasha tena, ni ile ile.

Na katikati ya hayo akaja Mama Zawadi, mjane wa maestro. Amerudi kutoka kambini na mfuko mmoja tu. Alisimama mlangoni mwa kibanda, hakutaka kukaa.

"Nasikia weye njo uko na sauti yake," akasema.

"Ndiyo, mama. Iko mu mashini."

"Minye sina hata photo. Unaweza kunisikilizisha?"

Nikamwambia Jumapili, baada ya misa. Maneno yalitoka kabla sijafikiri. Alipoondoka nikaitazama ile laptop imelala kimya juu ya meza, nikaona nimemwahidi mtu maji ya kisima nisichokuwa na kamba yake.

Jumapili yenyewe ni kesho.

Hapo ndipo anapoingia mdogo wangu Élie. Anasoma informatiki Bujumbura, na kwa maoni yake hakuna tatizo duniani ambalo Linux, ule mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, hailiwezi, labda ndoa. Aliniambia kwenye simu nisilie, Windows ndiyo iliyokufa, diski haijafa. "Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "diski ni kama parseli yenu hapo Kasenga, kiwanja kimoja." "Mu parseli munaweza kuwa nyumba mbili. Moja ikiungua, ingine inabaki. Nyimbo ziko mu nyumba ya pili." Akaniandalia Linux kwenye kle, ile flashi ya kuchomeka, akaifunga ndani ya kipande cha sabuni alichokipasua katikati, akampa mama mmoja anayevuka mpaka na biashara zake. Ilinifikia juzi ikinukia limau.

Na mtandao uliporudi jana, akanitumia maelezo kwa sauti, kipande baada ya kipande. Nimeyasikiliza kama rozari.

Msomaji mwerevu ataniuliza, kwa nini usizitoe hizo nyimbo kwanza, ukaziweka pembeni? Nami nitamjibu, pembeni wapi? Kle kubwa niliyonayo ni hiyo hiyo yenye Linux. Kadi zangu za simu nazo zilienda pamoja na kile kiti. Kwa hiyo ilibidi kukata diski huku nyimbo zikiwa ndani, kama kinyozi anavyomnyoa mtoto aliyelala.

Nikaenda kwa Baba Shukuru. Huyu ni jirani yetu mwenye kibanda cha kuchaji simu, paneli mbili za jua juu ya bati na betri za gari chini ya meza. Umeme wa mji tumeshausahau. Na laptop yangu betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazimika hapo hapo. Élie alinionya vizuri: wakati mashine inaandika mipaka mipya, isizimike. Ikizimika pale, hata yeye hajui kitakachobaki.

Ndiyo maana asubuhi nilipoona jua limewaka namna ile, niliimba barabarani peke yangu.

Nikachomeka. Nikawasha huku nimebonyeza ile batani ya juu, kama nilivyoelekezwa. Skrini ikawa nyeusi, halafu, shajara yangu, ikatokea rangi! Mshale ukatembea. Mashine niliyoililia ikaniuliza kwa Kifaransa cha adabu kama nataka kujaribu au kusakinisha. Nilipiga kelele hadi Baba Shukuru akageuka na simu ya mteja mkononi.

Nikachagua kusakinisha. Ikanipa njia tatu. Ya kwanza, kuiweka Linux kando ya Windows. Windows yangu ni maiti, sikutaka jirani maiti. Ya pili, kufuta diski yote. Hii Élie aliitaja kwa sauti ya mtu anayekuonyesha shimo la choo gizani: "Yaya, hiyo usiiguse hata na kidole ya mwengine." Ya tatu imeandikwa tu *Autre chose*, kitu kingine. Hiyo ndiyo njia ya watu wanaotaka kukata wenyewe.

Nikaingia humo.

 Katika Windows mimi nilijua C na D. C ni ya Windows, D ni ya vitu vyangu, kwisha. Humu hamna C wala D. Kuna majina kama ya wafungwa, sda1, sda2, sda3. Ya kwanza ilikuwa ndogo, sikuijali. Lakini ya pili na ya tatu zilikuwa karibu sawa kwa ukubwa, kama mapacha waliovaa nguo moja. Mojawapo ni maiti ya Windows. Nyingine ni Papa Dieudonné na kwaya nzima.

Kidole kilikuwa tayari juu ya alama ya kutoa, kwenye ile ya tatu. Nilikuwa na hakika hiyo ndiyo maiti ya kufuta. Hakika kabisa. Halafu nikasikia kichwani sauti ya maestro, sauti yake ya kugombeza, akisema kwamba mwenye hakika ndiye anayeingia kabla ya wakati. Alikuwa akituambia hivyo kila Jumamosi.

Nikarudi nyuma. Nikatoka kwenye kusakinisha, nikachagua kujaribu tu, nikafungua sehemu moja moja nione kilichomo. Ya pili: Windows, faili za Windows, takataka za Windows. Ya tatu: folda inayoitwa KWAYA.

Jasho lilinitoka kama siku ile ya kurekodi. Nilikaa kidogo, nikanywa maji ya Baba Shukuru bila kuomba, nikacheka peke yangu. Ningemfuta maestro kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa kujiamini.

Nikaanza upya. Safari hii nikaiondoa ile ya pili, Windows na maiti yake, na mahali pake pakaandikwa *espace libre*. Nafasi huru. Sijui kwa nini maneno hayo mawili yalinifurahisha hivyo. Labda kwa sababu siku hizi mjini hapa hakuna nafasi huru, kila chumba kina familia tatu. Mimi nilikuwa na kiwanja kitupu, na nilikigawa nipendavyo: sehemu ya mfumo wenyewe, kijisehemu cha kupumzikia mashine inapochoka kukumbuka, na sehemu kubwa ya vitu vyangu, ambayo humu huitwa *home*. Nyumbani. Ile ya tatu sikuigusa. Niliangalia mara nyingi kama kile kiboksi cha kuformati, yaani kufuta vyote, hakina alama, nikamwita hata Baba Shukuru aangalie. Yeye hajui kompyuta, lakini alama ya tiki anaijua.

"Haina kitu," akasema. "Iko mweupe."

Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina uhakika, mabadiliko yataandikwa kwenye diski. Nikasema ndiyo, ile ndiyo ya mbele ya padri.

Ule mstari ukaanza kutembea, na mawingu nayo yakaanza kushuka.

Kwa nini huwa pamoja? Kivuli kilipita juu ya barabara, juu ya bati, juu ya paneli. Kile kisanduku cha umeme cha Baba Shukuru kikaanza kulia, pii, pii. Alijikuna shingo. Pale mezani kulikuwa na simu nyingi zimechomekwa, zinanyonya betri ile ile niliyokuwa nainyonya mimi, na wenyewe wamekaa kwenye benchi wanasubiri.

"Munisamehe," akawaambia, "batteri iko inalala. Tutoshe simu ku waya kidogo, huyu dada amalize."

Kelele zikawaka. Byamungu, dereva wa moto, yaani pikipiki, alisema yeye ana mteja wa kwenda Runingu na simu yake iko chini kabisa. Mwingine akasema kulipa wote tunalipa. Na mama mmoja wa Lubarika, huko bondeni, aliyefika juzi na mtoto mgongoni, alinitazama mimi moja kwa moja. Mume wake alibaki nyuma kuangalia mifugo. Alikuwa akisubiri simu ipate uhai ampigie.

"Dada, iyi mashini iko inafanya nini ya kupita simu ya bwana yangu?"

Nilitaka kumweleza mambo ya mipaka na sda3. Nikaona aibu.

"Iko inaokoa sauti ya muntu alikufa, mama," nikasema. "Maestro wetu wa kwaya. Haiko fasi ingine, iko hapa tu."

 Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akainuka, akachomoa simu yake mwenyewe, wa kwanza. Akarudi kukaa. Baada yake hakuna aliyeweza kubaki amechomeka. Byamungu alichomoa ya kwake akinung'unika, na kusema kweli alinung'unika vizuri, kwa mpangilio.

Pii, pii ikanyamaza. Mstari ukaendelea kutembea, polepole, kama bibi harusi anayejua anaangaliwa. Watu wote wa benchi walisogea kuutazama. Walikuwa hawajui ni mstari wa nini, lakini walikuwa wameulipia kwa simu zao, kwa hiyo ukawa wao. Ulipokwama karibu na mwisho, mtu aliguna. Ulipojivuta tena, mwingine akasema "Haya, mama, haya!" kana kwamba anamsaidia mzazi.

Ikaisha. Ikaniambia nitoe kle, nibonyeze, iwake upya. Nikabonyeza. Giza. Giza refu.

Halafu jina langu. Likaandikwa katikati ya skrini, zuri, jeupe, likiniomba niingie.

Shajara, niliruka! Mimi, mtu mzima, mama wa watoto wawili, niliruka hadi kandambili moja ikaenda barabarani. Nikafungua ile sehemu ya tatu, nikafungua KWAYA, nikachagua wimbo wa kwanza mkono ulipoangukia. Vispika vya laptop ni vidogo lakini vinajua kupiga kelele.

"Moja, mbili, na..." Kikohozi. "Hapana, hapana! Benoît, weye uko unalala? Tunaimba Bikira Maria, hatubembelezi mutoto!"

Benchi zima lilicheka. Hakuna aliyemjua Benoît, lakini kila mtu ana Benoît wake. Mimi nililia kidogo na kucheka zaidi. Ilikuwa imepita miezi sijamsikia, na alikuwa vile vile, mkali na mwenye kikohozi.

Jua likarudi, simu zikachomekwa tena, na mimi nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana. Nilizinakili nyimbo zote kutoka ile sehemu ya tatu, nikaziweka pia kwenye sehemu mpya, ile ya nyumbani. Sasa ziko mahali pawili! Nikajisikia kama mama yangu.

Inabidi nieleze. Katika vita ile ya utoto wangu, tulivuka ziwa kwenda upande wa Burundi, na mama alitugawa. Mimi na Élie, aliyekuwa bado ananyonya, tulipanda boti moja na mama. Dada zetu wawili wakapanda nyingine na shangazi. Dada walilia, sisi tulilia, mama hakubadilisha neno. Familia nyingi za hapa zilifanya hivyo na bado zinafanya: ukikimbia, usipakie damu yako yote kwenye chombo kimoja. Boti zote mbili zilifika. Mpaka leo dada wananisema kwamba mama alinipenda zaidi, na mama huwajibu kwamba boti yao ndiyo iliyokuwa na injini nzuri.

Basi mchana huu mama aliniletea chakula pale kwa Baba Shukuru, bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwa, na mimi nikamweleza kwa fahari zote. Nikamwonyesha kwa kidole. Hii sehemu moja, hii nyingine, kati yao mpaka. Nyimbo ziko hapa na ziko hapa. "Nimezigawa, mama, kama weye ulitugawa."

Aliinama akatazama skrini. Alipenda, nilimwona. Halafu akaizunguka laptop, akaangalia nyuma yake, akaipapasa kama mtu anayenunua mbuzi.

"Na bakikuya tena," akauliza, "babebe mashini?"

Alikuwa anauliza kama wale wezi wa printa wakija tena, wakaibeba na mashine. 

"Sababu minye naona mashini ni moja," mama akaendelea, taratibu, hataki kuniumiza. "Umebaweka mu vyumba mbili, ni vizuri. Lakini boti, mwanangu, boti ni moja."

Nilimpigia Élie hapo hapo. Alicheka mpaka simu ikakoroma. Akasema mama anafaa kuja kuwafundisha darasani kwao. Akasema ndiyo, mipaka inaokoa vitu siku mfumo unapokufa, na leo nimeona. "Lakini diski yenyewe ikianguka mu maji, Yaya, vyumba vyote vinajaa."

Ningeweza kukasirika. Asubuhi nzima ya jasho, na nimejenga vyumba ndani ya boti ile ile. Sijui watu wa nchi za amani kama wangekosea hivi. Labda wao wakiona ukuta wanaona ukuta tu. Sisi tukiona mgawanyo tunaona usalama, kwa sababu kugawanyika ndiko kulikotuokoa.

Lakini sikukasirika, maana nilipogeuka niliona boti. Nyingi! Zilikuwa mezani kwa Baba Shukuru, zimechomekwa, taa zao ndogo zinapepesa. Simu ya Byamungu. Simu ya yule mama wa Lubarika. Simu ya mwalimu, ya muuza nyanya, ya kijana wa seminari. Kila moja na kadi memori ndani yake, na kila moja kesho itakuwa mahali pengine.

"Nani anataka nyimbo?" nikasema. "Leo ni bure."

Bure! Neno hilo Kasenga halirudiwi mara mbili. Kadi zilitolewa kwa kucha, kwa pini, kwa jino. Na sikiliza utamu mwingine: zilikuwa kadi zile zile zenye virusi vilivyoiua Windows yangu. Niliviona vimo humo, vijifaili vyenye majina ya ajabu, vimelala. Linux ilivipita kama mtu anayepita mbwa waliofungwa. Nilitia nyimbo kadi baada ya kadi, nami nacheka kama mwehu.

Yule mama wa Lubarika alipata zake kwanza, kwa kuwa alichomoa kwanza. Simu ya mume wake iliita, naye akapokea, mzima, ng'ombe wazima. Mke akamwekea simu kwenye kispika amsikie maestro akigombeza. Kutoka huko bondeni nilisikia mwanaume akiuliza kwa wasiwasi huyo mzee ana ugomvi gani na mke wake.

Byamungu alishaondoka, simu mfukoni, wimbo unapiga kwa nguvu zote, na mteja wake wa Runingu nyuma. Wengine wakafungua zao pale pale benchi. Kila mmoja alianza kwa wakati wake, kwa hiyo maestro alihesabu huku, akagombeza kule, sauti ya tatu ikaingia hapa, sisi wa sauti ya kwanza tukachelewa pale. Ilikuwa fujo tupu. Ilikuwa kwaya yetu hasa, siku za mwanzo wa mazoezi.

Na katika fujo hiyo nikainua kichwa, nikamwona Mama Zawadi amesimama barabarani.

Sikuwa nimemwita. Ahadi yetu ilikuwa kesho. Alikuwa na kapu la sombe, majani ya muhogo, mkononi, amevuta pumzi kama mtu aliyekimbia, na kitambaa cha kichwa kimelegea upande.

"Nilikuwa ku soko," akasema. "Moto ikapita. Nikasikia Dieudonné anagombeza batu."

 Simu zikaanza kuzimwa moja moja, kwa heshima, mpaka ikabaki laptop yangu tu. Baba Shukuru akampisha kwenye kiti chake. Nikaurudisha wimbo mwanzo.

Alisikiliza kuhesabu. Alisikiliza kikohozi. Alipofika kwa Benoît alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika, na kwa muda sikujua analia au anacheka, mpaka alipoondoa mkono nikaona ni vyote viwili.

"Ni yeye," akasema. "Hata nyumbani alikuwa anasema bile bile. Ugali ukiungua kidogo, njo hivyo hivyo."

Alisikiliza nyimbo zote. Hakutaka niruke hata mahali ambapo hakuna wimbo, pale ambapo unasikia viti tu na watu wakipanga karatasi. Mama yangu alikaa karibu naye, akala zile ndagala zilizokuwa zangu. Mawingu yakarudi, safari hii kwa kazi, na matone ya kwanza yakaanza kupiga bati, ndipo Mama Zawadi akasimama. Nikamuuliza kama kesho bado anataka kuja baada ya misa, maana ameshasikia.

"Nakuya," akasema. "Lakini sitakuya peke yangu. Huyu Benoît niko namuyua fasi analala. Na yule Furaha wa sauti ya pili. Kesho utabatilia nyimbo na bo mu masimu."

Akafunga kitambaa vizuri, akaingia kwenye mvua bila kuharakisha.

Sasa niko nyumbani, watoto wamenizunguka wanataka kuona mashine mpya ambayo ni ile ile ya zamani. Kule mbali bondeni kumelia kitu, huenda ni radi. Sijui. Laptop nimeifunga ndani ya kitenge na kuiweka karibu na mlango, kama kawaida yetu, lakini leo nimeiweka bila ile hofu. Wakija kuichukua, waichukue. Watakuta nyumba nzuri yenye vyumba, nimeipanga mwenyewe. Nyimbo zimeshashuka zamani. Ziko Runingu, ziko kwa yule mama wa Lubarika, ziko kwa muuza nyanya, na kesho asubuhi yule mama wa biashara anavuka mpaka na kadi ya kumpelekea Élie, nyimbo zote zimo, ndani ya sabuni.

Kesho baada ya misa tutasimama, sisi tuliobaki. Nimekuwa nikijiuliza jioni yote nani atashika nafasi ya maestro, nani atahesabu, maana hakuna kati yetu mwenye kifua hicho.

Nimeamua. Nitaweka laptop juu ya kiti chake, waya kwenye betri moja ya Baba Shukuru, nitabonyeza, na tutamwachia ahesabu mwenyewe. Na Benoît, tafadhali, usilale.